Malungu ya Ufipa na Jembe la Wazee

Msafiri apitaye katika nchi ya juu ya Ufipa huona mahali mahali minara ya udongo, mirefu kupita kimo cha mtu, mingine imekwisha kubomoka. Hayo ni malungu, matanuri ya chuma ya wazee wetu.

Ilungu moja lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wake yapata mita 3. Chini yaliachwa matundu, yakatiwa mirija ya udongo. Ndani yalipangwa makaa na mawe ya chuma. Wala hapakuwa na mtu wa kuvukuta: hewa iliingia yenyewe kwa chini, ikavutwa juu kwa nguvu ya moto. Kilichotoka kilikuwa kingali na mavi ya chuma. Ndipo kikatiwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo mivukuto ikafanya kazi. Kisha mhunzi akafua jembe. Mkuu wa kazi alikuwa na dawa zake na miiko yake, na wenziwe walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe.

Jembe hilo ndilo lililolisha nchi. Ufipa ni nchi ya majani, miti yake ni haba. Basi wazee walilima majani wakati wa mvua, wakayafukia katika matuta ya mviringo, intumba. Yakaoza yakawa mbolea, na msimu wa pili wakapanda ulezi.

Wazee husimulia pia habari za Milansi, mji wa wahunzi, na mfalme wake wa kwanza, Ntatakwa. Siku moja mfalme alikuwa mawindoni, wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, na mkubwa wao akakalia kiti cha enzi. Mfalme aliporudi hakupigana. Aliwaachia nchi, akajiwekea Milansi na kilima chake, Itweelele. Hivyo Watwa wakatawala, na watu wa Milansi wakabaki na heshima ya wenye nchi.

Baadaye yaliletwa majembe ya Ulaya, na katika karne ya 20 malungu yakazimika. Mnara waweza kusimama miaka mingi, lakini hausemi ni mawe gani yaliyochaguliwa, wala moto ulijulikanaje kuwa umetosha. Hayo hukaa vinywani mwa wazee. Enyi walimu, wapelekeni watoto wakawaulize, nao wayaandike maneno yao kwa Kifipa na kwa Kiswahili, kabla mzee hajalala pamoja na habari zake.