Miaka Mitatu ya Daktari wa Mvumi

Mwaka 1938 daktari kijana kutoka Australia, Paul White, alifika Mvumi, kusini mashariki mwa Dodoma, akiwa na mkewe Mary na mtoto wao mdogo wa kiume. Alikuwa na miaka 28. Alizaliwa Bowral, mji mdogo wa New South Wales, akasomea udaktari Sydney, kisha akatumwa na shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, kuangalia hospitali iliyokuwa katikati ya mibuyu na miiba. Mwaka 1941 familia hiyo ilikuwa imekwisha kufungasha na kurudi kwao. Miaka mitatu tu. Hata hivyo, msomaji wa Kiingereza aliyekua kati ya miaka ya 1940 na 1970, hasa katika nyumba za Kikristo, akiambiwa juu ya daktari wa Tanganyika ya bara, huenda humkumbuka yeye kabla ya mwingine yeyote.

Nchi aliyoikuta haikuwa ya mchezo. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, hupata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, tena kwa kusuasua, na ikikosa watu huanza kuhesabu ghala. Miaka ishirini tu kabla ya White kufika, njaa ya Mutunya ilikuwa imepita. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukamalizia. Inakadiriwa watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa kati ya 1917 na 1920. Kwa hiyo akina mama waliopanga foleni mbele ya daktari huyo mwaka 1938 wengi wao walikuwa wasichana au wake wachanga katika njaa ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa na maradhi yake. Tembe la Mgogo, lenye paa bapa la udongo, lilijengwa kwa busara: lilizuia joto la mchana na baridi ya usiku, na mifugo ililala salama. Lakini ndani ya nyufa za sakafu na kuta aliishi papasi. Mdudu huyu hutoka usiku, humuuma aliyelala, halafu hurudi ufani. Homa anayoileta hupanda kwa siku kadhaa, hushuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha humrudia upya. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Isidhaniwe ni habari ya zamani: utafiti uliofanywa Mvumi na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta ugonjwa huo bado upo na watu wanaugua.

Mary, mke wa White, aliugua sana, na ugonjwa wake ndio uliowarudisha Australia. Hapa ndipo historia ya madaktari wa nyanda za kati inapopaswa kusomwa upya. Muda wa daktari kukaa kituoni mara nyingi haukuamuliwa na ujuzi wake wala na askofu. Uliamuliwa na afya ya nyumba yake.

Akiwa Sydney, White alianza kuandika. Kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa Jungle Doctor, yaani Daktari wa Msituni, kilitoka mwaka 1942, vingine vikafuata kwa wingi, pamoja na vipindi vya redio na hadithi za wanyama zenye mafunzo ya dini. Vilitafsiriwa katika lugha nyingi. Katika vitabu hivyo kuna Daudi, msaidizi Mgogo mwenye akili na utani, anayesimulia ngano kando ya moto na kushika taa chumba cha upasuaji. White anastahili sifa kwa hilo. Wenzake wengi wa zama zile waliandika Afrika ambamo Mwafrika hana hata jina. Ila mganga wa jadi katika kurasa zake ni adui wa kushindwa, na msitu unaotajwa kwenye majalada haujawahi kuota Mvumi. Watoto wa Ulaya walipewa msitu, Wagogo wakabaki na miiba yao.

White hakuwa wa kwanza, na wala si yeye aliyekaa muda mrefu. Mwaka 1878 Dakta Edward Baxter wa CMS alifika Mpwapwa, wakati huo kituo kikubwa cha maji na chakula kwa misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Joseph Mullens, katibu wa shirika jingine la kimisionari aliyetoka London kuja kukagua kazi ya bara, alifia njiani karibu na hapo, akazikwa Mpwapwa. Baxter yeye alidumu huko miaka mingi, akaiona misafara, kisha bendera ya Wajerumani. Hakuacha mfululizo wa hadithi, na leo ni wachache wanaomtaja.

Wasiotajwa zaidi ni wenyeji. Hospitali ya Mvumi haikufungwa White alipoondoka. Iliendeshwa na wauguzi wa Kiaustralia, wakunga na madresa wa Kigogo: watu waliosafisha vidonda, waliochemsha sindano, waliomtafsiria daktari Kigogo, na ambao usiku waligongewa hodi na jamaa zao wenyewe. Daktari mgeni alikuwa na likizo ya kwenda nyumbani. Wao nyumbani kwao kulikuwa hapo hapo, na mgonjwa aliyefia mikononi mwao walimzika na kuhani matanga yake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole. Shule ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963, lakini kijijini mzigo uliwaangukia waganga wasaidizi na wakunga wa zahanati. Wanakijiji waliwaita madaktari bila kujali vyeti vyao. Nyumba ya mganga ilijengwa kando ya zahanati, na mke wake aliwajua wagonjwa kabla yake, maana ndiye aliyefungua mlango. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara, na daktari wa mtaa mwenye kibao chake akatoweka katika miji midogo. Hospitali za dini ziliachwa ziendelee. Ruhusa ilirudi mwaka 1991.

Katikati ya miaka hiyo Mvumi ilipata daktari mwingine mgeni, na huyu alitulia. Allen Foster, Mwingereza, alitibu macho hapo tangu 1975 hadi 1985. Ugogo ni nchi ya vikope, yaani trakoma: inzi wengi, maji machache, na kope zinazogeuka ndani zikikwaruza jicho mwaka hadi mwaka, hasa kwa wanawake wanaolea. Foster pia alitaka kujua kwa nini watoto wanapofuka. Makala aliyoiandika na Alfred Sommer mwaka 1987 ilionyesha uzito wa surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zinazodondoshwa jichoni. Baadaye aliongoza shirika la kimataifa la CBM, na alichojifunza Mvumi kilimfuata katika kazi yake ya kupambana na upofu duniani.

Jirani, Kongwa, watafiti waliwafundisha wazazi kuwanawisha watoto nyuso ili kuzuia vikope, wakalinganisha vijiji, na kuchapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1995. Kabla ya hapo walilazimika kukaa na familia na kujadili nani anaamua matumizi ya maji ya ndoo iliyotoka mbali. Wakagundua kuwa kazi kubwa ilikuwa kuonyesha kwa vitendo kwamba maji kidogo sana yanatosha kunawisha watoto wengi, na kwamba baba asiposhirikishwa mama hathubutu kuyatumia.

White alifariki mwaka 1992. Mvumi ikawa hospitali teule ya wilaya, sasa ikiwa ndani ya Chamwino, wilaya iliyomegwa kutoka Dodoma Vijijini, na inafundisha wauguzi. Wengi wa wanafunzi hao watapangiwa zahanati, wapewe nyumba kando yake, na waanze kugongewa hodi usiku.