Ukandaji wa Mgongo Tala: Kutoka kwa Mkunga hadi kwa Mtaalamu wa Viungo

Ukandaji wa mgongo katika eneo la Tala ni tiba iliyokua pamoja na kazi za watu wake. Tala ni mji wa soko katika Matungulu, Kaunti ya Machakos, kando ya barabara inayotoka Nairobi kwenda Kangundo. Vilima vinavyouzunguka hulimwa mahindi, maharagwe na kahawa. Historia ya tiba hii huanza na mizigo ambayo migongo ya wakazi imebeba.

Katika karne ya 19, Wakamba, ambao ndio wenyeji wa eneo hili, walijulikana kwa misafara ya biashara iliyosafirisha pembe za ndovu hadi pwani ya Mombasa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwachukua vijana wa Ukambani pamoja na wengine kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Mizigo hiyo ya wanaume ilikuwa ya msimu na ya vita, lakini ya wanawake ilikuwa ya kila siku. Maji, kuni na mavuno vilibebwa mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopitishwa kwenye paji la uso, shingo ikiwa imekazwa na kiuno kimeinama. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kuhusu wanawake Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda kama Wakamba. Watafiti waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada. Hata hivyo, mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa maji huwa na kilo 20. Kwa mwanamke wa kilo 55, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake.

Baada ya 1945 kazi ya kuhifadhi udongo iliongeza uzito huo. Mmomonyoko ulikuwa umeharibu sehemu kubwa ya Machakos, na serikali ikalazimisha wakazi kuchimba matuta. Wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta vibarua mijini, hivyo sehemu kubwa ya kazi iliwaangukia wanawake, waliofanya kazi pamoja katika vikundi vya mwethya. Miaka ya 1950 ulienea mtindo wa fanya juu: mchimbaji huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, kisha hurusha udongo upande wa juu ili utengeneze ukingo. Kila koleo la udongo hudai kuinama, kuinua na kuzungusha kiuno kwa pamoja, na huo ndio mwendo unaouchosha sana mgongo wa chini. Matuta hayo yaliokoa mashamba. Kisha kahawa, iliyoruhusiwa kwa wakulima Waafrika hasa kupitia mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ulioitwa Mpango wa Swynnerton, wa 1954, ikaleta kupalilia, kuchuma na kubeba magunia hadi kiwandani.

Tiba ya karibu ilikuwa nyumbani. Mtu aliyekazwa na mgongo alilazwa kifudifudi kwenye mkeka au ngozi. Mkandaji, mara nyingi bibi mzee, alipasha mafuta moto viganjani, ya mbarika au ya mnyama, kisha akateremsha vidole gumba polepole kando ya uti wa mgongo. Palipokuwa na fundo alisimama, akabonyeza, akasugua kwa mzunguko hadi msuli ulegee. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kilimalizia kazi. Ujuzi huo ulipitishwa kwa kutazama na kushika. Wakunga wa jadi waliutumia kwa wajawazito na kwa akina mama waliojifungua, ambao viuno vyao huchoka sana.

Sheria ya Uchawi ya 1925 iliwatia mashakani waganga wa jadi, wale ambao Wakamba huwaita andu awe, lakini ukandaji haukuhitaji ramli wala hirizi, hivyo uliendelea majumbani bila kelele. Miaka ya 1970, watafiti wa Kenya na Uholanzi walipofuatilia afya ya mama na mtoto katika maeneo ya Matungulu na Mbiuni, walikuta uzazi wa nyumbani kwa msaada wa wakunga ukiwa jambo la kawaida. Matokeo yao yalichapishwa katika kitabu mwaka 1984.

Upande wa hospitali, ukandaji ulikuja kama sehemu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Taaluma hiyo ina mizizi Ulaya: Per Henrik Ling alianzisha chuo chake cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na wauguzi wa London wakaunda chama cha wakandaji waliofunzwa mwaka 1894. Kenya iliiwekea taaluma hiyo sheria yake mwaka 2014, ikaunda baraza la kusajili wataalamu. Sheria ya Afya ya 2017 nayo ikaipa tiba ya jadi nafasi rasmi.

Sayansi imepima faida ya ukandaji huu. Mapitio ya utafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 25, yalionyesha kwamba ukandaji hupunguza maumivu ya mgongo wa chini kwa muda mfupi, ingawa ushahidi wake ni dhaifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unautaja ukandaji miongoni mwa tiba zinazofaa kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, pamoja na elimu na mazoezi. Mkono hulegeza misuli na kutuliza mishipa ya fahamu, lakini hauondoi mzigo uliosababisha maumivu.

Mgongo unaouma pamoja na ganzi miguuni, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa au kupungua uzito haufai kukandwa kwanza, bali mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeanguka. Kwa maumivu ya kawaida ya kazi, mkandaji mwenye uzoefu, mazoezi na mzigo uliopunguzwa vinatosha kwa wengi. Maji yaliyo karibu na nyumba yatawasaidia wanawake wa Matungulu kuliko mafuta yoyote.