Land Cruiser ya zamani: matengenezo ya lupangoni (Lualaba)

Land Cruiser za miaka ya 1970 hadi 1990 ndizo gari za zamani za kuvuta kwa magurudumu yote manne zinazoonekana kwa wingi katika jimbo la Lualaba, Kongo, kuanzia Kolwezi hadi Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Sehemu kubwa ya matengenezo yake hufanyika lupangoni, yaani uani kwa nyumba, kwa seti ya spana, jeki ya chupa, nyundo, bomba la grisi na turubai la kupangia vyuma. Gari hizi zinakubali kazi ya namna hiyo kwa sababu injini zake za diseli hazina kompyuta, chesisi yake ni imara na imetengana na bodi, na bolti zake nyingi hufikiwa kwa spana ya kawaida.

Asili na aina

Toyota iliunda gari lake la kwanza la namna hii, BJ, mwaka 1951. Jina Land Cruiser lilifuata mwaka 1954. Aina ya 40 iliundwa kuanzia 1960 hadi 1984, na Novemba 1984 ikaja aina ya 70, ambayo kiwandani haijakoma hadi leo. Injini za diseli zinazojulikana zaidi ni 3B ya silinda 4 (sentimita za ujazo 3,431), 2H ya silinda 6 (3,980) na 1HZ ya silinda 6 (4,164), iliyotoka mwaka 1990. Hii ya mwisho haina turbo wala haraka, lakini huvumilia mafuta machafu kuliko injini nyingi za baada yake.

Ufundi wa Kolwezi umelelewa na migodi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, kisha mrithi wake Gécamines, walikuwa na karakana zao wenyewe na shule za ufundi. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka vibaya, na katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 kampuni iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000. Fundi aliyezoea stoo iliyojaa vipuri alilazimika kujifunza kukirudisha kazini kipuri kilekile.

Vumbi, mchanga na mvua

Kutoka Likasi hadi Kolwezi kuna lami. Kuelekea Sandoa na Kapanga, gari hukutana na udongo mwekundu, mchanga mzito na vivuko vya maji. Kiangazi, Mei hadi Septemba, adui ni vumbi. Masika, kuanzia Oktoba hadi Aprili, ni tope na maji yanayopenya kwenye ekseli.

Kwa hiyo muda uliowekwa na kitabu cha kiwandani hupunguzwa. Pale kitabu kinaposema vidanji (kubadili oili) kila kilomita 5,000, mwenye gari linalokwenda Musumba hufanya vizuri kumwaga oili mapema zaidi. Filta ya hewa ya bakuli la oili, iliyomo katika gari nyingi za aina ya 40, huoshwa kwa diseli na kujazwa oili safi mara tu tope linapoanza kutuama chini ya bakuli, hata kama ni kila siku safarini. Ile ya karatasi ya 1HZ hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake, kwa upepo usio mkali. Baada ya kuvuka maji, krosi za propela na pini za springi hupigwa grisi mpaka grisi chafu yote itoke.

Kichwa cha ekseli ya mbele

Hapa ndipo fundi wa nyumbani anapofanya kazi kubwa, na ndipo gari nyingi zilizopuuzwa zinapoanza kufa. Kila upande wa mbele una kiungo cha duara chenye gololi sita, ambacho hupeleka nguvu kwenye gurudumu huku likikata kona. Kiungo hicho huishi ndani ya chumba kilichojaa grisi. Sili ya ndani ya shafti ikichoka, oili ya difu huingia chumbani na kugeuza grisi kuwa uji mweusi, nao hutiririka nje hadi ndani ya rimu. Mwenye gari hudhani breki inavuja.

Gari huwekwa juu ya stendi, si juu ya jeki pekee, na magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe. Kwanza hutolewa kifuniko cha habu. Nati zake zimebanwa na koni ndogo za chuma ambazo hazichomoki kwa bisibisi; stadi hugongwa kwa nyundo ya shaba hadi koni ziruke. Zinafuata nati za beringi, zinazotaka soketi ya milimita 54. Wasio nayo hutumia tindo, na alama za tindo kwenye nati hizo ni ushahidi wa kutosha kwamba gari limepita mikononi mwa mtu mwenye haraka. Spindo ikishatoka, shafti huvutwa pamoja na kiungo chake.

Vyote huoshwa kwa diseli hadi chuma king'ae. Kizimba cha gololi hukaguliwa kama kina ufa. Kikiwa nao, kiungo hakirudi. Beringi za kingipini, juu na chini, zikiwa na vishimo vilivyopangana, hubadilishwa, maana ndizo mara nyingi husababisha usukani kutetemeka gari linapoongeza mwendo. Vibati vyembamba vilivyo chini ya kila kofia ya kingipini huwekwa kando kwa mpangilio, vya juu visichanganywe na vya chini, kwa kuwa ndivyo vinavyoweka kiungo katikati. Hatimaye huwekwa sili mpya ya ndani, grisi yenye molibdenamu ndani ya kiungo na chumbani, na kitambaa kipya cha felti kinachofuta tufe kwa nje. Upande mmoja ni kazi ya siku nzima kwa anayeufungua kwa mara ya kwanza.

Mafuta na injini

Diseli ya wauzaji wa barabarani, maarufu kama Kadhafi, hupita mikononi mwa wengi na madumu mengi kabla ya kufika tangini. Huchujwa kwa kitambaa kizito na kuachwa itulie, na maji yaliyokusanyika chini ya filta humwagwa kupitia kizibo chake. Pampu na nozeli zikishaharibiwa na maji, hazitengenezeki lupangoni. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia.

Katika 2H na 3B, kamshafti huzungushwa na gia. Katika 1HZ huzungushwa na mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya dashibodi huwaka kukumbusha. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Gari za mkono wa pili mara nyingi huja na waya wa spidi uliokatika, kwa hiyo namba ya dashibodi haina maana, na mkanda hubadilishwa siku ya kununua.

Breki na tairi

Breki za madramu hujaa tope; hufunguliwa, hukwanguliwa na kurekebishwa kwa mkono. Rimu za vipande za tairi za 7.50-16 zimeua watu: upepo wote hutolewa kabla ya kufungua pete, na wakati wa kujaza tairi hufungwa kwa mnyororo.

Umeme

Baadhi ya diseli za zamani zina volti 24. Balbu au starta ya volti 12 haifai humo.

Land Rover

Mpinzani wa zamani wa Land Cruiser, Land Rover, ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ni ya alumini, haioti kutu, ila chesisi ya chuma huoza kwa ndani tope likikwama. Tufe la ekseli ya mbele hutumia oili, si grisi, na uwazi wa valvu katika injini ya petroli ya lita 2.25 ni milimita 0.25.

Vipuri na hali ya sasa

Vipuri vingi huingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, vingine vikitokea Dubai kupitia Dar es Salaam. Bandia ni vingi, hasa beringi na sili. Toyota ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaunda upya baadhi ya vipuri vya aina ya 40, lakini faida yake hadi sasa ni kwa wakusanyaji kuliko kwa madereva wa Kapanga. Uundaji wa Land Rover Defender ya zamani ulisimama Januari 2016. Kwa anayenunua gari la kulitunza mwenyewe, HZJ75 (aina ya 70 yenye injini ya 1HZ) yenye chesisi nzima ni bora kuliko aina ya 40 iliyopakwa rangi vizuri, kwa kuwa vipuri vyake ni rahisi zaidi kupatikana.