Sydney 2000: Kamera ya dijitali yakabili uhaba wa mwanga

Tarehe 19 Septemba mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea peke yake mita 100 katika bwawa la ndani mjini Sydney, baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, na picha zake zikaenea duniani kote.

Michezo hiyo ya Olimpiki iliukuta upigaji picha ukiwa njia panda. Mwaka 1999 kampuni ya Nikon ilikuwa imetoa kamera ya D1, yenye pikseli milioni 2.7 tu. Faida yake ilikuwa kasi: picha ilitumwa bila kusubiri filamu isafishwe.

Lakini mwanga wa ukumbini ni haba kuliko jicho linavyodhani. Katika jimnastiki mmweko wa kamera hauruhusiwi, kwani humkanganya mchezaji aliye hewani. Ili mchezaji asionekane kama ukungu, kamera hupokea mwanga kwa takriban sehemu moja ya 500 ya sekunde. Hivyo mpiga picha hupanua tundu la lenzi, kisha huongeza wepesi wa kamera kuhisi mwanga. D1 iliishia ISO 1600, na hapo chembechembe zilitia doa picha.

Hata hivyo magazeti hayasubiri. Miaka minne baadaye, mjini Athens, kamera za dijitali ndizo zilizotawala. Kamera za leo hukipita mbali kiwango hicho, na picha hubaki safi.