Tomin: Neno la hela la Mexico lenye undugu na thumuni

Kwa wanaozungumza Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado ina wasemaji zaidi ya milioni 1.6 nchini Mexico, pesa ni tomin. "Hela yangu" ni notomin. Neno limezoeleka kiasi kwamba ungedhani lilizaliwa hukohuko. Wapi!

Waazteki hawakuwa na sarafu. Sokoni walilipa kwa mbegu za kakao, na kwa vitu vya bei kubwa walitoa vitambaa vya pamba. Mwaka 1521 Wahispania wakiongozwa na Hernán Cortés wakauteka mji wao mkuu, Tenochtitlan. Kufikia 1536, sarafu za madini ya fedha zilikuwa zikitengenezwa hapohapo. Mojawapo, yenye thamani ya sehemu moja ya nane ya peso, iliitwa tomín. Wenyeji wakalichukua jina hilo kwa sarafu ile, halafu kwa hela yoyote.

Kakao haikutoweka mara moja. Orodha ya bei ya soko la Tlaxcala ya mwaka 1545, iliyoandikwa kwa Kinahuatl, inasema tomin 1 ni sawa na mbegu 200 za kakao nzuri. Parachichi lililochumwa sasa hivi liliuzwa mbegu 3, likishaiva kabisa 1 tu, bei ya kuogopa lisiozee mezani. Kwa manunuzi madogo kama hayo, kakao ilitosha. Shida ilikuwa kodi: watawala walizidi kuidai kwa sarafu, na mkulima akalazimika kuisaka tomin apende asipende.

Na Wahispania je, walilitoa wapi neno hilo? Kwa Waarabu, walioanza kutawala sehemu kubwa ya Uhispania mwaka 711. Kwa Kiarabu, thumn ni moja ya nane. Neno hilohilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki likawa thumuni, au sumuni kama wengi wanavyoitamka: senti 50. Hesabu ya nane imeshapotea hapo, kwani senti 50 ni nusu ya shilingi.

Huko Uhispania tomín sasa ni neno la historia. Mexico bado linatumika, hata nje ya Kinahuatl. Mwaka 2010, wakazi wa Espinal, jimbo la Veracruz, walianzisha noti zao za kubadilishana bidhaa, 1 kwa peso 1. Wakaziita Túmin, yaani "pesa" kwa Kitotonaki, lugha nyingine ya wenyeji wa eneo hilo.