Khipu: Daftari la Mafundo

Wainka walitawala Tawantinsuyu, dola iliyoenea zaidi ya kilomita 4,000 kando ya milima ya Andes, bila kalamu wala karatasi. Idadi ya kaya, zamu za kazi, mahindi yaliyomo ghalani: yote yaliwekwa kwenye nyuzi zilizofungwa mafundo. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka, chombo hicho huitwa khipu, yaani fundo. Wainka hawakukibuni wao. Wawari waliowatangulia kwa karne kadhaa walikuwa na nyuzi zao za kumbukumbu.

Khipu ina uzi mmoja mnene, na kutoka kwenye uzi huo nyuzi nyingine huning'inia kama matamvua ya kikoi. Nyingi ni za pamba, nyingine za sufu ya llama au alpaka. Mwaka 1912 Mmarekani Leland Locke alionyesha jinsi tarakimu zinavyosomwa. Chukua 243. Juu kabisa ya uzi kuna mafundo mawili ya kawaida, ndiyo mamia. Chini yake manne, ndiyo makumi. Mwishoni kuna fundo refu lililozungushwa mara tatu, ndiyo mamoja. Fundo refu haliwezi kuwa na mzunguko mmoja tu, kwa hiyo moja iliandikwa kwa fundo lenye umbo la nane. Na sifuri? Pale pangekuwa na fundo, uzi uliachwa mtupu. Mpangilio huu unanivutia kila ninapoutazama, kwa sababu haumwachii msomaji nafasi ya kuchanganya mamoja na makumi.

Sasa tuiiteje kwa Kiswahili? Tukiandika kipu, ile ki- ya mwanzo italivuta neno kwenye ngeli ya KI-VI, kama ilivyolivuta kitabu, na wingi wake utakuwa vipu. Msomaji atasikia majipu. Nashauri tubakize khipu, kwenye ngeli ya I-ZI: khipu hii, khipu hizi. Ila kh hiyo si ya subalkheri. Ni k yenye mpumuo, na wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hawatapata taabu nayo, maana kwao mpumuo wa aina hiyo ndio unaomtenga paa wa porini na paa la nyumba.

Maelezo ya maana yanataka uangalifu zaidi. "Kamba za hesabu" inapunja, kwa sababu zipo khipu ambazo mafundo yake hayafuati kanuni ya Locke, na huenda yalibeba majina au habari. "Maandishi ya kamba" nayo inavuka mpaka, kwani hakuna aliyethibitisha kuwa khipu za Wainka zilibeba lugha. Kwenye kijiji cha Collata, Peru, mwanaanthropolojia Sabine Hyland alichunguza khipu mbili za karne ya 18 na mwaka 2017 akaeleza kuwa zina alama 95 tofauti, zinazotokana na rangi, aina ya manyoya na upande uzi uliosokotewa. Wenyeji walimwambia azipapase, maana vidole hutambua tofauti ambazo macho hayazioni. Lakini hizo ni za baada ya Wahispania kuingia.

Mimi napendekeza "daftari la mafundo". Daftari hubeba tarakimu na majina pia, na halimlazimishi msomaji kuamua kama kilichomo ni lugha. Wala halihitaji karatasi: asili ya neno lenyewe, lililotufikia kwa Kiarabu, ni neno la Kigiriki la ngozi iliyotengenezwa. Tena khipu zilifanya kazi ya daftari hata mahakamani. Mwaka 1561 machifu wa Sausa walifika mbele ya mahakama ya Wahispania mjini Lima na khipu zao, wakadai vitu walivyowapa Wahispania, pamoja na vile walivyoporwa. Miaka 22 baadaye, mtaguso wa maaskofu mjini humo humo uliamuru khipu za dini ya zamani ziharibiwe.

Khipukamayuq, mwenye dhamana ya khipu, tumwite mtunza khipu. "Karani" humfanya mtu wa kuandika anachoambiwa tu, ilhali huyu aliisoma mbele ya watawala na kuulizwa juu yake. Garcilaso de la Vega, ambaye mama yake alitoka ukoo wa kifalme wa Inka, aliandika mwaka 1609 kuwa hata kijiji kidogo kilikuwa na watunza khipu wanne, na wote walitakiwa kuwa na hesabu zilezile, ili asiwepo wa kudanganya.