Safari ya shule kijitoni: mkinge mtoto na kichocho

Walimu wengi wa sayansi huwapeleka wanafunzi kwenye kijito kilicho karibu na shule. Watoto hupima joto la maji, hutazama rangi yake, hunusa harufu, kisha hutafuta wadudu chini ya mawe. Ni somo zuri. Lakini katika maeneo mengi ya Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, kijito hichohicho kinaweza kuwa na vimelea vya kichocho. Mama au mlezi, si lazima umzuie mtoto asiende. Mtoto anaweza kujifunza yote hayo bila kuingia majini.

Wadudu wa majini wanaonyesha nini?

Baadhi ya mabuu, kama yale yenye mikia miwili au mitatu myembamba yanayojishikilia kwenye mawe, huhitaji oksijeni nyingi. Maji yakichafuka, hutoweka. Ruba na minyoo wekundu wa kwenye tope huvumilia uchafu. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta aina nyingi za wadudu, ni dalili kwamba kijito hakijachafuliwa sana.

Hata hivyo, kipimo hiki hakionyeshi vimelea vya magonjwa. Maji yanaweza kuwa meupe na yenye wadudu wa kila aina, lakini bado yakawa na bakteria wa kuharisha au vimelea vya kichocho, ambavyo havionekani kwa macho. Mtoto asinywe maji ya kijito bila kuchemshwa, hata kama somo limeonyesha kuwa ni masafi.

Kichocho kinaambukizwaje?

Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia humo na kuanguliwa. Vimelea huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi na kuongezeka. Baada ya wiki kadhaa hutoka na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Huweza kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kama mtoto hana kidonda na hajameza maji.

Konokono hawa hupenda maji yaliyotulia au yanayotiririka polepole, penye majani. Vimelea hutoka kwao kwa wingi zaidi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana.

Mambo ya kumuuliza mwalimu kabla ya safari

- Nani atachota maji? Ni afadhali mtu mzima mwenye buti ndefu za mpira na glavu achote kwa ndoo au wavu wenye mpini mrefu, kisha amimine kwenye beseni jeupe. Watoto watazame wakiwa nchi kavu.
- Watatumia nini kugusa sampuli? Wasishike maji wala konokono kwa mikono mitupu. Maji yaliyo kwenye beseni bado yanaweza kuambukiza.
- Wataenda saa ngapi? Asubuhi mapema hatari hupungua, lakini haiishi.
- Je, kuna maji salama ya kunywa, pamoja na maji safi na sabuni ya kunawa mikono kabla ya kula?
- Je, watapita chooni kabla ya kuondoka? Mtoto asijisaidie kijitoni.
- Mvua kubwa ikinyesha, je, safari itaahirishwa? Kijito kidogo huweza kujaa ghafla na kumsomba mtoto.

Mtoto akilowa

Mtoe majini, mkaushe mara moja kwa taulo ukisugua vizuri, kisha mwogeshe kwa maji salama na sabuni. Kukausha kunaweza kupunguza hatari, lakini usikutegemee peke yake. Andika tarehe. Mpeleke kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8 apimwe mkojo na choo. Akipimwa mapema mno, mayai huenda yasionekane.

Dalili za kuangalia

- Siku za mwanzo: ngozi kuwasha au kutoka vipele. Watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote.
- Baada ya wiki chache: homa, kikohozi, maumivu ya misuli.
- Baadaye: damu kwenye mkojo, maumivu wakati wa kukojoa, maumivu ya tumbo, kuharisha au damu kwenye choo.

Mvulana kukojoa damu si dalili ya kubalehe. Kwa msichana, damu ya mkojo inaweza kudhaniwa kuwa hedhi. Muulize mtoto kwa upole, bila kumgombeza, kwa sababu wengi huficha kwa aibu.

Tiba ipo

Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, na dozi hutegemea uzito au urefu wa mtoto. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga. Ndiyo maana mtoto aliyepewa dawa mapema mno anaweza kuhitaji kurudia. Dawa haimkingi asiambukizwe tena, hata kama alimeza vidonge shuleni mwaka huu.

Kichocho kisipotibiwa kwa muda mrefu huweza kuharibu ini, figo, kibofu na njia ya uzazi. Ukiona damu kwenye mkojo au choo cha mtoto, usisubiri wiki zitimie. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na mweleze mhudumu kuwa mtoto aligusa maji ya kijito.